Sataranji 960

Sataranji 960 ni aina ya chesi iliyotangazwa na Bobby Fischer, bingwa wa dunia wa zamani kutoka Marekani, mjini Buenos Aires mwaka 1996. Kete za safu ya nyuma hupangwa kwa kura, ili mchezaji afikiri tangu hatua ya kwanza badala ya kutegemea mianzo aliyokariri. Ubora wake umo katika masharti machache: maaskofu wakae kwenye miraba ya rangi tofauti, mfalme awe kati ya ngome zake, na pande zote mbili zilingane. Maaskofu wana namna 16 za kukaa, malkia 6, na farasi 10. Miraba mitatu inayobaki huchukua ngome, mfalme na ngome. Zidisha, utapata mipangilio 960. Bila sharti la kwanza, maaskofu wote wawili wangeweza kufungiwa kwenye miraba ya rangi moja, yaani nusu ya ubao.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba baadhi ya mipangilio humpa Mweupe faida kubwa zaidi. Ni kweli, lakini dawa yake si kurundika sheria. Inatosha kila mchezaji acheze rangi zote mbili katika mpangilio uleule. Wengine huhofia urithi kupotea, ilhali mwendo wa kete haukuguswa na mpangilio wa jadi ni mmojawapo wa hiyo 960. Mwaka 2019 FIDE, shirikisho la kimataifa la chesi, iliutambua ubingwa wa dunia wa Sataranji 960, na Wesley So akamshinda Magnus Carlsen katika fainali. Kwa hiyo mbunifu wa chesi mpya abadili kidogo, kisha asawazishe kwa utaratibu wa mashindano.