Kofia ya Viua: Mikono Iliyoishona na Vichwa Vilivyoivaa

Asubuhi ya Idi katika miji ya mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, na katika visiwa vya Unguja, Pemba na Ngazija, wanaume na watoto wa kiume huelekea msikitini wamevaa kanzu zilizopigwa pasi na kofia nyeupe zilizojaa nakshi. Mgeni huzitazama akaona vazi tu. Mwenyeji hutazama zaidi ya hapo: huangalia mishono, akajua kofia ipi ni ya mashine na ipi imeshonwa kwa mkono, na pengine akajua hata nyumba ilikotoka. Kwani kofia ya Idi, kwa desturi, haikuwa kitu cha kununua dukani. Mke alimshonea mumewe, mama alimshonea mwanawe, na bibi alimshonea mjukuu wake.

Walimu wenzetu wanaofundisha Kiswahili mbali na pwani hupata taabu kulieleza vazi hili. Mwanafunzi akiuliza kofia ilitoka wapi, jibu lililo jepesi ni kwamba ililetwa na Waarabu, na maelezo hukomea hapo. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba jibu hilo ni fupi mno, na kwamba ufupi wake huwadhulumu watu wengi.

Tuanze na kazi yenyewe. Kofia hufanywa kwa kitambaa cha pamba, aghalabu bafta, nacho hukatwa vipande viwili: duara la kufunika utosi, na ukanda wa kuzunguka kichwa. Kila kipande hufanywa cha tabaka mbili ili kofia isimame. Nakshi huchorwa kwa kalamu ya risasi, kisha mshonaji huzifuata kwa sindano. Penye kutakiwa tundu, kitambaa hutobolewa, na ukingo wa tundu huzungushiwa uzi kwa mishono iliyosongamana hata usiweze kufumuka. Tundu lililomalizwa hivyo ndilo liitwalo kiua, yaani ua dogo, na ndiyo asili ya jina kofia ya viua. Viua huipendeza kofia, tena huipitishia kichwa hewa katika joto la pwani. Mwisho kabisa ndipo duara na ukanda huunganishwa.

Kazi hii haina haraka. Kofia moja nzuri huweza kuchukua wiki kadhaa, na iliyo nzuri zaidi huchukua miezi, kwa kuwa mshonaji hushika sindano katika nafasi anazoziiba kati ya jiko, watoto na shamba. Wanaume nao hushona, hasa Lamu, ambako si ajabu kumkuta mtu barazani akizungumza na wenzake huku sindano ikienda. Haba na haba hujaza kibaba. Basi anayetaka kofia iwe tayari kwa Idi hana budi kuianza zamani, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.

Uhusiano wa kofia na ibada ni wazi. Dini haikuifanya faradhi, lakini waumini wameihesabu kuwa ni adabu mbele ya Mola. Hata umbo lake lasaidia: haina ukingo unaotokeza mbele, hivyo anayesujudu huweka paji la uso chini bila ya kuivua. Aliyeishona huwa naye ana sehemu yake katika sala ile, ingawa yeye mwenyewe yuko nyumbani akipika pilau ya sikukuu.

Sasa tuitazame historia. Kazi ya nguo si ngeni katika pwani yetu. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua Kilwa vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vilivyotumika kusokotea nyuzi za pamba. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hata Misri. Katika karne ya 19 mambo yaligeuka. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts kikaenea hadi bara, kikaitwa kwa jina la nchi yake: marekani. Nguo za ng'ambo zikazidi kuingia, lakini sindano ilibaki mikononi mwa wenyeji.

Na neno lenyewe, kofia? Wanaisimu hulihusisha na neno la Kiarabu kufiyya. Lakini kufiyya ya Waarabu ni kitambaa cha kujitandia au kujifunga kichwani, si kofia iliyoshonwa. Jina limesafiri, lakini kitu kilichobeba jina hilo ni kingine. Tena kuna jambo ambalo wanafunzi wetu hawalitazamii. Wanaume wa Oman leo huvaa kofia yenye nakshi na viua kama hii, wakaiita kumma, nayo imekuwa alama ya taifa lao. Waomani wenyewe husema kwamba ilifika kwao kutoka Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki. Kati ya 1832 na 1840 Seyyid Said alihamishia makao yake Unguja. Na ingawa dola hiyo iligawanywa mwaka 1861, jamaa waliendelea kupita na majahazi wakienda na kurudi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, Wazanzibari wengi wenye asili ya Oman walihamia huko na lugha yao, mapishi yao na kofia zao. Basi pwani haikupokea tu. Pwani nayo ilitoa.

Hata hivyo, tusiitaje kofia kana kwamba ilikuwa halali ya kila kichwa. Katika Zanzibar ya karne ya 19 mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa chake. Alivaa kipande cha marekani kiunoni, na kichwa wazi kilikuwa alama kwamba hana nafsi yake. Amri ya mwaka 1897 ilipoondoa nguvu ya sheria katika utumwa wa Unguja na Pemba, waliokuwa watumwa walianza kuvaa kanzu na kofia, na wanawake wakajifunga kanga na kujitanda. Kwa mtu wa namna hiyo, kofia ya Idi ilikuwa zaidi ya pambo. Ilisema mbele ya jamaa wote waliokusanyika kusali kwamba huyu naye ni mtu kamili. Tutafakari basi thamani ya viua vile machoni pa mama aliyevishona usiku kwa mwanga wa kibatari, naye mwenyewe amezaliwa chini ya bwana.

Habari hizi hazikukomea pwani. Misafara ilipofika Ujiji, Nyangwe na Kasongo, wengi wa waliokuwa ndani yake walijiita waungwana, yaani watu huru, ijapokuwa baadhi yao walikuwa watumwa au wametoka utumwani karibuni. Walijitambulisha kwa dini, kwa lugha na kwa mavazi; na ndiyo sababu Kiswahili cha Kongo kikaja kuitwa Kingwana. Huko Buganda nako, Kabaka Muteesa wa Kwanza alianza kufunga Ramadhani mwaka 1867, na kanzu ikawa vazi la heshima la wanaume, wawe Waislamu au Wakristo. Kwa hiyo mwalimu wa Kampala, wa Bujumbura au wa Lubumbashi anapoieleza kofia, haelezi kitu cha watu wa mbali.

Leo masoko yetu yamejaa kofia za mashine kutoka viwanda vya ng'ambo. Bei yake ni nafuu, na hatumlaumu mzazi mwenye watoto watano anayezinunua. Lakini mshonaji hawezi kushindana na bei hiyo kwa kazi ya miezi, na binti asiyeona faida hataki kujifunza. Sindano ikiwekwa chini, kitakachopotea ni zaidi ya kofia: yatapotea na maneno, na kumbukumbu ya walioyatumia.

Tunapendekeza jambo dogo. Sikukuu ijayo, mwalimu amwombe mwanafunzi mwenye kofia ya mkono nyumbani kwao ailete darasani, na aulize kwanza nani aliishona. Wanafunzi wahesabu viua, wajifunze kiua, bafta, kudarizi na kufumuka kwa kuvigusa vitu vyenyewe. Hapo ndipo waulizwe tena kofia ilitoka wapi. Tunaamini jibu lao litaanza kwa jina la bibi fulani.