Kibali cha Ujenzi na Mizizi Yake

Tukitaka kuelewa kwa nini mwananchi wa Manzese au Mbagala hukiona kibali cha ujenzi kama mtego, hatuna budi kurudi 1891. Mwaka huo wakoloni wa Kijerumani waliigawa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba: za Kizungu ufukweni, vibanda vya Waafrika nyuma kabisa. Waingereza wakauendeleza mgawanyo huo. Rangi ya mtu haikuhitaji kutajwa. Vifaa vya kujengea vilitosha kumtaja.

Uhuru ulifuta ubaguzi, lakini si fikra hiyo ya kanuni. Kuanzia 1962 vibanda vilibomolewa ili Shirika la Nyumba lijenge. Mradi wa viwanja wa 1974 ndio uliogeuza mwelekeo: Manzese haikubomolewa, ilipelekewa barabara na maji. Tunauhesabu uamuzi huo kuwa wa kimapinduzi kuliko hotuba nyingi.

Lakini ukinzani ulibaki. Kibali hudai kiwanja kilichopimwa, na upimaji haukuwafikia walio wengi. Mfanyakazi akajenga chumba kimoja kimoja, akatozwa faini kwa kukosa karatasi asiyoweza kuipata, na manispaa hiyo hiyo ikapokea kodi yake ya jengo.