Mtungi wa Mbege na Sare ya Mtoto

Mlima Kilimanjaro si mgeni kwetu sisi watu wa pwani. Misafara ya Mombasa na Pangani ilikuwa ikipanda kwa Wamangi kutafuta pembe kabla Mzungu yeyote hajauona ule weupe wa Kibo. Na Rebmann alipoufikia mwaka 1848, aliyemwongoza njia alikuwa Mwislamu wa Mombasa, Bwana Kheri. Kwa hiyo yanayowasibu watu wa huko tusiyasome kama habari za nchi ya mbali.

Hapo kale mbege ilikuwa na mipaka yake. Ndizi mbivu hupikwa, zikaachwa siku kadhaa hata zichache, kisha hutiwa uji wa ulezi uliooteshwa, na gome la mti uitwao msesewe ili kuitia uchungu. Kazi hiyo yataka siku na kuni nyingi, na ulezi wenyewe haukupatikana kirahisi: ulilimwa chini ya mlima kwa maji ya mifereji iliyochimbwa kwa jasho la ukoo mzima. Pombe ikawa ni ya mahari, ya matambiko, ya kumaliza kesi. Wazee walitangulizwa, na Mangi alikuwa na fungu lake. Sisemi haya kuihalalisha, maana kwetu kidogo chake na kingi chake hukumu ni moja. Lakini mwenye kuandika historia hana budi aseme kweli, na kweli ni kwamba kijana hakuwa na njia nyepesi ya kulewa kila siku.

Mipaka hiyo ilivunjwa na fedha. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Kahawa, iliyoletwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, ikaenea vihambani. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, nacho mwaka 1933 kikazaa KNCU. Kahawa ilijenga shule na nyumba za bati, wala hatuidharau. Ila fedha yake iliingia kwa msimu, tena mfukoni mwa baba, na mama akabaki na ndizi zake za sokoni. Pombe nayo ikawa bidhaa ya kilabuni: mwenye senti hunywa, awe mzee au kijana, na mama anayetaka senti hupika.

Kisha gongo. Sheria ya mwaka 1966 iliyoweka masharti juu ya utengenezaji wake iliiita “moshi” (wala usidhani kuwa ni mji uliotajwa). Hii haitaki siku za kungoja wala wazee wa kutangulizwa. Na mambo ya kahawa yakaharibika: vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, vikarudishwa miaka ya themanini, na mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka. Wako waliong'oa mibuni. Kihamba nacho, kwa kugawanywa baba kwa mwana, kikawa kidogo hata hakimtoshi aliyerithi. Katika pengo hilo vikaingia viroba, pombe kali ya pakiti ambayo mwanafunzi aliweza kuificha mfukoni, hata Serikali ikavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017.

Hasara ni nini? Hesabu kuni, ndizi na nafaka ambazo zingeliliwa. Hesabu siku ya kazi iliyolaliwa. Hesabu waliovunjika mifupa: katika hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, ilibidi watengeneze mafunzo ya nasaha kwa majeruhi, yakaitwa “Punguza Pombe Kwa Afya Yako”. Hospitali haianzi jambo kama hilo kwa ajili ya walevi wawili watatu.

Hapa pana fundo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka. Mpika pombe mara nyingi ni mama mjane, au mke aliyetelekezwa, na mtungi wake ndio unaonunua daftari na sare. Na kabla ya mwaka 2016 ndio uliolipa ada ya sekondari. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, haikukanusha kuwa ulevi una manufaa kwa watu. Imesema dhambi yake ni kubwa zaidi. Manufaa hayo twayaona: ni sare ya mtoto yule. Lakini iliyonunua sare imetoka wapi? Imetoka kwa mume wa mama mwingine, nyumba ya tatu kutoka hapo, ambaye wanawe wamelala bila sukari ya uji. Kijiji hakikupata hata senti moja. Fedha imehama kutoka kwa mtoto kwenda kwa mtoto. Na atakayefunga kilabu bila kumpa mama yule kazi nyingine, basi ajue atamkuta usiku na mtambo wa gongo migombani.

Wala tusijione wema. Ukiteremka kutoka Moshi utapita Same, na katika milima ya Upare hapo hulimwa mirungi, ambayo kwa sheria ya mwaka 2015 ni dawa ya kulevya, ingawa Kenya ni zao halali. Askari hupanda mara kwa mara kuyateketeza mashamba, nayo hulimwa tena. Jani hilo hukauka upesi, lazima lisafirishwe usiku huo huo kwa mnunuzi. Na wanunuzi wake wako Tanga na Dar es Salaam, barazani petu, baada ya Isha.