Waya Ulikuwa na Kazi Mbili

Wandugu, kuna swali ambalo kila nikienda nyumbani Sengerema lazima niulizwe, tena na watu wa rika zote. Kwa nini hizi hedifoni mpya zisizo na waya hazishiki redio? Mtu kanunua zile mbili ndogo zinazolala kwenye kikasha, kaziunganisha na simu, muziki unapiga safi, simu zikiingia anaongea bila tatizo. Akifungua redio ya simu, kimya. Simu inamwandikia: chomeka hedifoni. Naye anabaki anashangaa, maana anazo masikioni!

Jibu la haraka lipo na nitalitoa. Lakini nimeona kwamba halimwingii mtu akilini bila kurudi nyuma kidogo, kwa sababu linahusu kitu tulichokishika mkononi miaka mingi bila kujua kinafanya kazi gani. Kwa hiyo tuvumiliane, leo ni historia.

Tuanze na jina. Waingereza walipotuletea redio, kwa lugha yao waliiita chombo "kisicho na waya". Sisi tukawa na jina tamu zaidi, simu ya upepo, ingawa hilo lilibaki zaidi kwa mitambo ya polisi na vyombo vya majini. Redio ya wananchi kusikiliza ilianza kurusha matangazo Dar es Salaam mwaka 1951, enzi za Gavana Twining, ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam. Mwaka 1956 likaundwa shirika la utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalichukua na ikazaliwa RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam. Miaka hiyohiyo ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ikafungua kiwanda Dar es Salaam cha redio na betri za National. Ukitaka kujua redio iliingia lini kwenye nyumba ya mkulima na mvuvi wa kawaida, anzia hapo.

Sasa ajabu ni hii: hicho chombo kisicho na waya kilikuwa na waya kila mahali. Waulize wazee wa kanda ya ziwa. Ukitaka RTD isikike vizuri unatafuta waya wa shaba, unaufunga kwenye antena, unaupitisha dirishani na kuuning'iniza kwenye mpapai au kwenye kona ya bati. Antena ikivunjika, uma wa kulia chakula unachukua nafasi yake. Betri zikichoka zinaanikwa juani zipate nguvu ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Hakuna aliyesomea umeme, lakini kila mtu alijua kwamba waya ukiongezeka, redio inashika zaidi. Tafadhali shika hilo, tutalihitaji baadaye.

Na redio ilikuwa ya wengi. Mwaka 1973 serikali iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikusanyika vikundi vikundi kuizunguka redio moja, wakisikiliza kipindi kisha wakijadili choo, maji na malaria. Inakadiriwa walishiriki watu wazima kama milioni 2. Hebu jaribu kuifanya kampeni ile leo, kila mtu akiwa na vyake viwili masikioni!

Kusikiliza peke yako ni jambo ambalo hata waliolianzisha walilionea aibu. Hedifoni zenyewe ni za zamani. Mwaka 1910 Mmarekani Nathaniel Baldwin, wa kule Utah, alizitengeneza nyumbani kwake jikoni, wateja wakawa wanamaji wa jeshi la Marekani. Lakini zilikuwa za kazi. Sony ilipotoa Walkman ya kwanza, Julai 1979, iliweka matundu mawili ya hedifoni, kwa sababu bosi wa kampuni, Akio Morita, aliona ni utovu wa adabu mtu mmoja kusikiliza huku mwenzake amekaa pembeni anamtazama. Watu hawakujali, na matundu yakabaki moja. Sisi tuliokuja baadaye tulijitafutia dawa yetu: sikio moja lako, sikio moja la rafiki yako, mnakaa mmebanana kwenye kiti cha basi.

Sasa tuingie kwenye kiini. Mwaka 2001 Nokia ilitoa simu yake ya kwanza yenye redio ya FM ndani, 8310. Hiyo ilikuwa ya wenye nazo. Mwaka 2003 ikaja 2300, ya bei ya chini, na huko ndiko redio ilikoanza kuhamia kwenye simu za watu kama sisi. Upande wetu wa ziwa wakati huo tayari kulikuwa na Radio Free Africa ya Mwanza. Sengerema yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikapata kituo cha mawasiliano cha jamii kwa msaada wa mashirika kama UNESCO na ITU, ndugu wa kile cha Nakaseke kule Uganda. Kompyuta, intaneti, simu, na baadaye redio ya jamii, vyote kwenye mji ambao wengi walioko Dar walikuwa wanaujua kwa jina la hospitali na foleni ya kivuko tu.

Mawimbi ya FM yanapenda njia iliyonyooka, na ziwa halina mlima. Kwa hiyo kwenye mialo redio zilishika vizuri. Simu mfukoni, waya shingoni, mtu anaparua samaki huku anasikiliza mpira.

Simu zile hazikukubali kufungua redio mpaka uchomeke hedifoni. Tulidhani ni adabu tu, ili usiwapigie wengine kelele. Kumbe! Mawimbi ya FM kwenye megahezi 100 hivi yana urefu wa mita 3. Antena ya kuyanasa vizuri inataka walau robo ya urefu huo, yaani sentimita 75. Simu ya kwenye kiganja utaiweka wapi sentimita 75? Mafundi wakatumia akili: waya wa hedifoni una karibu mita nzima, basi ufanye kazi mbili, upeleke sauti sikioni na ulete mawimbi kwenye simu. Ule waya mweupe uliojisokota mfukoni ulikuwa mjukuu wa waya wa shaba wa kwenye mpapai.

Ukiuondoa, umeondoa antena. Hilo ndilo jibu.

Nilimweleza hivyo mjomba wangu, ambaye ni mvuvi, siku aliponiletea kikasha chake akiamini kauziwa kitu kibovu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sasa mpwa wangu, kama sauti inaruka hewani kutoka kwenye simu mpaka sikioni, mawimbi ya redio yanashindwaje kuruka mpaka kwenye simu?" Nikaona mzee kauliza swali ambalo nisingeliacha bila kulijibu kisawasawa.

Yanaruka, mjomba, ila hayalingani ukubwa. Bluetooth inatumia gigahezi 2.4, na wimbi la hapo lina sentimita 12 na nusu tu. Robo yake ni sentimita 3, inaenea hata ndani ya kidude cha sikioni. Wimbi fupi, antena fupi, mwendo mfupi: mita kama 10. Wimbi la FM ni refu na linatoka mbali, kwa hiyo linadai antena yake. Kidude cha sikioni hakiwezi kumfanyia kazi hiyo.

Hiyo Bluetooth nayo ina mambo. Kazi ilianza mwaka 1994 kwenye kampuni ya Ericsson, mjini Lund, Sweden, mmoja wa wahandisi wakuu akiwa Mholanzi Jaap Haartsen. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba wakaungana kuitangaza. Jina lilipendekezwa na Jim Kardach wa Intel, akimkumbuka mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyekuwa na lakabu ya Jino la Buluu na anayesifiwa kwa kuwaunganisha Wadenmaki. Ile alama unayoibonyeza kwenye simu ni herufi zake mbili za kale zilizobebanishwa. Sasa kila siku kwenye mwalo wa dagaa mtu anamgusa mfalme wa Denmark bila kujua.

Mitandaoni utasoma pia kwamba Bluetooth iligunduliwa na mcheza filamu Hedy Lamarr. Hapo watu wanatia chumvi. Lamarr, mzaliwa wa Vienna, na mwanamuziki George Antheil walipata hataza mwaka 1942 ya kuongoza makombora ya majini kwa redio inayorukaruka masafa 88, idadi ya vibonyezo vya piano, ili adui asiweze kuivuruga. Wazo la kurukaruka ni kweli limo ndani ya Bluetooth, ambayo huruka mara 1,600 kwa sekunde kati ya njia 79. Lakini wengine walishaligusa kabla yake, na kutoka kwenye hataza ile mpaka kikasha cha mjomba ni safari ndefu yenye mikono mingi. Asifiwe kwa alichofanya, kinatosha.

Mwanzoni Bluetooth ilikuwa ya kupokelea simu tu, kidude kimoja cha sikio moja, tulichowaona nacho wafanyabiashara wakiongea peke yao barabarani. Utaratibu wa kupeleka muziki wa masikio mawili ulikuja kama mwaka 2003. Kisha Septemba 2016 Apple ikatangaza iPhone 7 bila tundu la hedifoni, pamoja na AirPods. Wengine wakacheka, halafu wakaiga. Leo kila gulio utazikuta zinazofanana nazo, zimepangwa juu ya turubai karibu na viatu vya mitumba.

Kwa kuwa najua wengine mmevumilia historia mkisubiri ufundi, haya. Za mjomba hazikuwa mbovu kabisa, ila kulikuwa na sikio moja halisemi. Hizi mbili lazima zijuane zenyewe kwanza ndipo zijulikane na simu. Nenda kwenye simu, kwenye orodha ya Bluetooth, iambie izisahau. Rudisha zote mbili kwenye kikasha, futa kwanza vile vishaba vidogo vya chaji kwa kitambaa kikavu, maana jasho na uchafu wa masikio ukikaa hapo upande mmoja hauchaji. Nyingi zina kitufe, au sehemu ya kugusa, ya kushikilia sekunde kama 10 mpaka taa ziwakewake. Kikaratasi cha ndani ya boksi kinasema ni ipi. Kisha unganisha upya. Zikigoma, angalia kama hazijajishikiza kwenye simu ya mtoto aliyeziazima jana. Zikiunganika halafu simu zinasikika ila muziki hausikiki, fungua jina lake kwenye mipangilio uone kama sauti ya muziki imeruhusiwa.

Na kukatikakatika? Mwili wa binadamu umejaa maji, na maji yanameza mawimbi ya gigahezi 2.4. Ndani ya nyumba mawimbi yanagonga ukuta na kurudi, huoni tatizo. Ukiwa kwenye mtumbwi, pande zote wazi, simu ipo mfuko wa nyuma kulia na kidude kinachopokea kipo sikio la kushoto, mwili wako ndio ukuta. Hamishia simu mfuko wa shati, upande mmoja na kidude hicho.

Sasa mbona nahangaika na redio wakati kila kitu kipo mtandaoni? Kwa sababu ya lile ziwa. Victoria hubadilika ghafla, hasa usiku na alfajiri, saa za wavuvi wa dagaa. Mwaka 2017 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianza mradi wa HIGHWAY pamoja na mamlaka za nchi za eneo hili, utabiri wa ziwa uwafikie wavuvi, na redio ilikuwa moja ya njia kuu. Redio haina bando. Haijali salio, wala mnara wa mtandao kuzidiwa. Huwezi kumwambia mtu anayetoka mwaloni saa moja jioni asikilize utabiri kwa megabaiti.

Wala si sisi tu. Septemba 2017, baada ya vimbunga vikali kupiga Marekani na Karibi, mkuu wa tume ya mawasiliano ya Marekani, Ajit Pai, aliiomba Apple hadharani iwashe redio za FM kwenye simu zake. Apple ikajibu kwamba iPhone 7 na 8 hazina chipu ya FM wala antena ya kazi hiyo. Nchi tajiri, minara imeanguka, na simu ya mamilioni haiwezi kufanya kilichofanywa na Nokia 2300.

Tajiri atanunua redio ya pembeni. Mjomba nilimpa njia ya bei rahisi zaidi. Fundi simu yeyote ana kopo la hedifoni za waya zilizokufa, sikio moja au yote mawili. Muombe moja. Kufa kwa spika si kufa kwa waya. Ukiuchomeka, simu itaona antena imerudi. Fungua redio, bonyeza alama ya spika, sauti itoke kwenye simu yenyewe. Usiukunje mfukoni, unyooshe. Hii ni kwa simu yenye redio ndani na tundu la zamani, na simu nyingi mpya zinakuja bila hilo tundu, kwa hiyo kabla hujalipa hela muulize muuzaji akuonyeshe. Mjomba anaufunga wake kwenye mlingoti wa taa ya dagaa, na mtumbwi mzima unasikiliza.