Urudishaji Nyuma: Istilahi Yenye Mtendaji

Neno la Kiingereza "backlash" lilikuwa la mafundi mitambo: mrusho wa magurudumu ya meno yasiyoshikana vizuri. Miaka ya 1960 wanasiasa na waandishi wa Marekani walilitumia kuelezea hasira za Wamarekani weupe dhidi ya harakati za haki za kiraia. Mfasiri hushawishika kuandika "mwitikio hasi" au "wimbi la kurudi", na yote mawili yanamficha mtendaji. Maji yaliyojaa hupwa yenyewe. Haki hurudishwa nyuma na watu. Napendekeza "urudishaji nyuma", kwa kuwa kitenzi "rudisha" humfanya msomaji aulize: nani?

Jibu limo katika kumbukumbu za Kusini mwa Marekani. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, marekebisho matatu ya katiba, kati ya 1865 na 1870, yalifuta utumwa, yakawapa uraia waliokuwa watumwa, yakapiga marufuku kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi. Mwaka 1870 Hiram Revels wa Mississippi akawa Mweusi wa kwanza kuingia Seneti. Miaka 20 baadaye jimbo hilohilo liliitisha mkutano wa katiba, na wajumbe wakaandika kodi ya kura pamoja na sharti la kusoma kifungu cha katiba au kukieleza kikisomwa. Msajili ndiye aliyeamua nani ameeleza sawasawa. Louisiana, mwaka 1898, ikawasamehe sharti la elimu au mali wale ambao baba au babu zao walikuwa wapiga kura kabla ya 1867, yaani weupe. Wapiga kura Weusi waliosajiliwa huko mwaka 1896 walizidi 130,000. Mwaka 1904 hawakufika 1,400. Kazi hiyo ilifanywa na wanasheria, kifungu kwa kifungu.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamejirudia mno, basi ni kanuni ya historia, mzunguko usio na mwenyewe. Sikubali. Mzunguko huishia ulipoanzia, lakini marekebisho yale hayakufutwa kamwe: Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ilisimama juu ya Marekebisho ya 15, yale ya haki ya kura, yaliyopuuzwa Kusini kwa miongo mingi. Na mwaka 2013, Mahakama ya Juu ilipobatilisha kigezo cha sheria hiyo cha kuyatambua majimbo yaliyopaswa kuomba kibali kabla ya kubadili taratibu za uchaguzi, majaji 5 waliafiki na 4 wakapinga, kila mmoja kwa jina lake. Istilahi hii ni ndefu, kweli. Wafasiri na watangazaji, tuitumie hata hivyo, na tukishaitumia tumtaje aliyerudisha.