Vigari vya Watoto na Malori ya Zamani

Reli haikufika Musoma. Jambo hili kila msomaji wetu alijua, lakini ni wachache walifikirio. Gari la moshi litokalo Mombasa liliufikia ukingo wa ziwa mwaka 1901, mahali paitwapo sasa Kisumu. Na reli itokayo Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Sisi tukaao katikati, tangu Shirati mpaka Majita, tuliachiwa meli na mitumbwi upande wa majini, na vichwa vya watu upande wa nchi kavu. Kila furushi la pamba lililotoka Suguti kwenda sokoni, na kila jora la nguo lililokuja Suguti kutoka bandarini, lilichukuliwa hivyo mpaka lori lilipokuja. Basi mtu akiandika habari za nchi hii akasahau lori, ameandika nusu.

Tunao mashahidi wawili wa habari hizo, nao wote wawili hudharauliwa. Wa kwanza ni mabaki ya malori yenyewe, yaliyosimama miaka mingi nyuma ya mashine za kusaga na chini ya miti, majani yameota mahali pa injini. Wa pili ni vigari wanavyovitengeneza watoto wetu kwa miti, makopo na waya. Wazazi wengi huviita vigari hivi upuuzi, wakavitupa jikoni viwe kuni. Sisi tunaona sivyo, nasi tutaeleza kwa nini.

Kwanza tutazame historia. Zamani za Wadachi motokaa ilikuwa ajabu. Mwezi wa Agosti 1907 afisa mmoja aitwaye Paul Graetz alitoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyoundwa Gaggenau, Ujerumani, akakusudia kuvuka Afrika mpaka bahari ya magharibi. Alifika Swakopmund mwezi wa Mei 1909. Safari ikachukua miezi 20 na zaidi, kwa kuwa njia haikuwapo, na penye mchanga na mito chombo kile kilichoundwa kuvuta kilibidi kuvutwa. Kisha ikaja vita ya 1914. Waingereza walileta magari mengi, na mengi katika hayo yalikuwa Ford mepesi. Walakini matope ya masika ya 1916 yaliyashinda, na mzigo ukarudi kichwani mwa mpagazi. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita ile, wengi kwa maradhi kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni ukumbusho wao, maana limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Tunataja hayo ili vijana wasidhani ya kuwa lori lilikuja kama pambo. Lilikuja likaondoa mzigo uliokuwa ukiua watu.

Baada ya vita hiyo zilienea Ford za namna ya T, zilizoundwa tangu 1908 hata 1927, jumla yake milioni 15. Pamoja nazo yakaja malori ya Chevrolet kutoka Marekani. Mwaka 1931 kampuni ya Vauxhall ya Uingereza ilianza kuuza lori lake lenye jina la Bedford, na jina hilo ndilo lililokaa katika vinywa vya watu kuliko yote. Vita vya pili vilipokwisha, mwaka 1945, walirudi askari waliojifunza udereva jeshini, huko Uhabeshi na Burma, na malori ya jeshi yakauzwa kwa raia. Mwaka 1947 Serikali ya Waingereza ilianza ule mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, ikatumia vifaa vilivyobaki vitani. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki, vikaitwa Shervick. Mpango ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951. Lakini Shervick ni miongoni mwa vyombo adimu kabisa vilivyopata kulima ardhi ya nchi yetu, na atakayeokota kipande chake ameokota kitu.

Kwetu ziwani lori lilikuwa la pamba. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba viliungana katika shirika moja kubwa, Victoria Federation, na tangu hapo mkulima aliweza kusema "lori letu". Wakati wa mavuno lori lilipakiwa marobota mpaka likayumba, likaelekea jineri, na nyuma yake wakabaki watoto wakitazama. Katika vita ya kumwondoa Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, Serikali iliyatwaa malori mengi ya watu na ya mashirika yapeleke askari na vyakula. Mengine hayakurudi. Yaliyorudi yalirudi yamechoka, na vipuri havikuwapo; mengi ya mabaki tunayoyaona leo yalisimama tangu siku zile.

Sasa tuje kwa watoto. Kigari cha zamani katika kijiji cha ziwani kilitengenezwa kwa vitu vya ziwani na vya shambani: kiunzi cha vijiti, magurudumu ya mlingoti wa mkonge, au ya ule mti mwepesi uotao majini, ambao wavuvi walikuwa wakiutumia kwa maboya ya nyavu. Baadaye yakaja makopo ya mafuta ya kupikia, ambayo bati lake hukunjwa likawa boneti na milango. Zikaja ndala, ambazo soli yake hukatwa ikawa tairi. Na vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli vikawa springi. Usukani huwekwa juu ya kijiti kirefu, ili dereva aende kwa miguu nyuma ya gari lake bila kuinama. Hatujaona katika kitabu cha fundi yeyote jawabu lililo bora kuliko hilo.

Lakini jambo kuu ni kipimo. Msomaji wa Biblia anajua ya kuwa safina ya Nuhu ilikuwa na urefu wa dhiraa 300, upana dhiraa 50, na kwenda juu dhiraa 30. Mtoto akitaka kuifanya safina ndogo yenye urefu wa sentimita 30, hana budi kuifanya upana wake sentimita 5 na kimo chake sentimita 3. Akiifanya pana kuliko hivyo, amefanya sanduku wala si safina. Lori nalo ni vivyo hivyo. Tairi la lori la Bedford lina kimo cha sentimita 90 hivi. Mtoto akikata gurudumu la sentimita 4 na nusu katika ndala, amekwisha kuamua, ajue au asijue, ya kuwa gari lake litakuwa dogo kuliko la kweli mara 20. Basi lori la mita 6 limpe sentimita 30, na upana wa mita 2 na robo umpe sentimita 11 na kidogo. Akitumia vizibo vya soda, vyenye upana wa sentimita 3 na kidogo, amelipunguza lori mara 28, na urefu wake usizidi sentimita 21. Tumewapima watoto katika jambo hili kwa rula ya shule, nasi twashuhudia ya kuwa wengi wasiojua kugawanya ubaoni hugawanya vema kwa jicho.

Huko Uingereza kazi hii ilikuwa biashara kubwa. Kampuni ya Frank Hornby mjini Liverpool iliuza vigari vya chuma viitwavyo Dinky tangu miaka ya 1930 hata kiwanda kilipofungwa mwaka 1979, na tangu 1953 wengine waliuza vile vidogo viitwavyo Matchbox, vyenye kuingia katika kisanduku mfano wa kiberiti. Leo wako watu wazima, wenye mvi, wanaokaa mwezi mzima wakiunda lori moja dogo, wakibishana juu ya umbo la taa. Wao wanayo michoro ya viwanda. Mtoto wa Suguti alikuwa na macho yake tu, na muda ule lori liliposimama kutia maji katika rejeta.

Kwa sababu hiyo kigari ni shahidi. Mtoto wa miaka ya 1950 aliweka pua ndefu mbele na taa mbili kando yake, kwa kuwa ndivyo alivyoona. Mtoto wa leo hukata uso bapa bila pua, kwa kuwa aonacho ni Fuso. Walakini shahidi huyu husema uongo mara nyingine. Tumeona kigari chenye pua ya Bedford na jina la Scania, maana fundi alipenda herufi zile. Hata wazee wetu hukosea, maana wengi huita kila lori lenye pua Bedford. Kwa hiyo chuma chenyewe kiulizwe.

Namna ya kukiuliza ni hii. Gurudumu likiwa na njiti za mti, gari ni la kale sana, la kabla ya 1930 kwa kawaida. Kioo cha mbele kikiwa kimegawanyika vipande viwili, mara nyingi ni la miaka ya 1930 mpaka ya 1950. Ukiona juu ya rejeta alama ya jua likichomoza, hilo ni Albion, lililoundwa Glasgow. Nalo ni la kutunzwa. Alama mfano wa tai ya shingoni ni Chevrolet. Kioo kikiinama kuingia ndani kwa chini, kana kwamba lori limekunja uso, yumkini ni lile la jeshi lililoundwa Kanada wakati wa vita vya pili, na ama Ford ama Chevrolet ndiye aliyeliunda. Pana mitego pia. Bedford za kwanza zilifanana mno na Chevrolet za mwaka uliotangulia, kwa kuwa tajiri wao alikuwa mmoja. Na Austin ya 1939 ilifanana na Bedford hata Waingereza wenyewe wakaitania kwa kuiita Bedford ya Birmingham. Hapo pua na taa hazitoshi; hapo hutafutwa kibao kidogo cha chuma chenye namba ya chesisi, ambacho kwa kawaida kimefungwa katika kebini au karibu na injini, pamoja na namba zilizosubiwa katika injini yenyewe. Tena injini ikiwa imebadilishwa, kama ilivyofanyika mara nyingi katika miaka ya shida ya vipuri, namba za injini zitasema neno moja na kibao kitasema jingine. Hapo aaminiwe kibao.

Wala adimu si za Ulaya peke yake. Pale Kibaha, mkoa wa Pwani, kiwanda cha TAMCO kiliunganisha malori ya Scania, na kituo kingine cha Kibaha, kilicho chini ya Jeshi, kiliunda lori la Kitanzania lililopewa jina la Nyumbu. Nyumbu wenye miguu minne huvuka mto Mara kwa maelfu kila mwaka. Nyumbu wenye magurudumu walikuwa wachache mno, na mtu aliyemwona mmoja njiani anayo habari ya kuandika.

Wanunuzi wa vyuma chakavu hupita vijijini na mizani yao. Mwenye lori bovu hulipwa kwa kilo, na Albion na sufuria lililotoboka huwa na bei moja. Hatumlaumu auzaye, ada ya shule hailipwi kwa kumbukumbu. Lakini kabla ya gesi kuwashwa na chuma kukatwa, kazi ya saa moja yatosha: kupima urefu, upana na kimo cha gurudumu, kunakili kila namba na kila herufi iliyo juu ya kibao, kuchora uso wa lori ukitazamwa kwa mbele na kwa ubavuni, na kumwuliza mwenyewe lilinunuliwa wapi, lilibeba nini, na dereva wake alikuwa nani. Kwa vipimo hivyo mtoto yeyote hodari aweza kulifanya upya kwa bati, mara 20 kwa udogo, likawekwa katika kabati la shule. Kama iko picha ya zamani katika nyumba au katika misheni, iletwe ilinganishwe. Msomaji aliye na mabaki ya namna hiyo karibu naye, na apeleke karatasi yake kwa mwalimu wa kijiji, akiandika juu yake jina la kijiji na siku aliyopima.