Gumegume na Fataki

Wazee wa bonde la Kilombero waliotumia gobori walijua kwamba kazi kubwa si kushindilia, bali kuwasha. Gumegume ilipiga cheche kwa jiwe, nayo cheche ikaangukia baruti iliyowekwa kifani, yaani katika kisahani kando ya mtutu. Jiwe moja lilitosha mara nyingi. Lakini sisi tuyajuao masika ya Ifakara twafahamu jinsi baruti ile ilivyolowa, bunduki ikakataa. Mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa Uskoti mpenda kuwinda ndege, alipata hati ya kuwasha kwa dawa ilipukayo ikigongwa. Baadaye dawa hiyo ikatiwa katika kikofia cha shaba, ndiyo fataki. Hiyo ilistahimili mvua, ila kila mlio ulikula fataki moja, nayo sharti inunuliwe. Tena Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia bunduki bora zisiuzwe nchi hizi, yakaachia gumegume kwa masharti.

Twadhani mtu aliyekwisha kuona gumegume yake ikinyamazishwa na unyevu hakuona ajabu kusadiki, mwaka 1905, kwamba maji yangeshinda risasi. Tarehe 30 Agosti Wambunga na Wapogoro waliliendea boma la Mahenge. Lakini kila risasi ya bombomu za Wadachi ilibeba fataki yake kitakoni, wala haikulowa.